Simbilisi Wako Anakunywa Kiasi Gani? Mwongozo Kamili wa Maji na Dalili za Ugonjwa

Malalamiko ni yaleyale kila msimu wa joto: "Jana alikuwa mzima, leo asubuhi nimemkuta amelala ubavu." Ukimuuliza mwenye mnyama jana alikunywa maji kiasi gani, hana jibu. Ukimuuliza uzito wake wiki iliyopita, hana jibu pia.

Simbilisi ni windo. Kwa asili yake huficha ugonjwa mpaka mwili ushindwe kabisa, kwa hiyo jicho peke yake halitoshi kumlinda. Unahitaji namba mbili: mililita za maji na gramu za uzito. Mengine yote katika mwongozo huu yanazunguka hizo mbili.

Halafu kuna ile kauli kwamba simbilisi hanywi maji, majani yanamtosha. Ina chembe ya ukweli, na hapo ndipo inapodanganya. Wakati wa masika, mnyama anayekula majani mabichi mengi hugusa maji kidogo sana. Kiangazi kikifika, majani yananyauka, anaongezewa pumba na nyasi kavu, na chombo cha maji bado hakipo. Figo na utumbo ndivyo vinavyolipa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Chupa mbili za kunyweshea zenye gololi mdomoni, za mililita 250 hadi 500. Zile za sungura kwenye maduka ya mifugo zinafaa.
- Bakuli moja zito la kauri au udongo, kimo kisichozidi sentimita 5. La plastiki atalipindua siku hiyohiyo.
- Mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja.
- Sirinji zisizo na sindano: ya mililita 1 na ya mililita 5. Famasi yoyote inazo.
- Burashi nyembamba ya chupa, na siki nyeupe.
- Kipimajoto cha chumba.
- Kitambaa cheupe cha pamba au karatasi nyeupe za jikoni, kwa ajili ya kusoma mkojo.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa pia, ila daftari lililofungwa kwa kamba kwenye kizimba ndilo watu wa nyumbani hukumbuka kuliandika.

## Hatua ya 1: Jua kiwango cha mnyama wako

Kanuni ya kuanzia ni mililita 100 za maji kwa kila kilo moja ya uzito kwa siku. Simbilisi mzima huwa na gramu 700 hadi 1,200, hivyo mwenye gramu 900 anahitaji takriban mililita 90.

Usiichukue namba hiyo kama sheria. Anayekula majani mabichi kwa wingi anaweza kunywa nusu yake na akawa mzima kabisa. Anayekula hei (nyasi zilizokaushwa) na chakula cha vidonge, yaani kile kikavu cha dukani, atanywa zaidi, na mwenye mimba au anayenyonyesha zaidi bado.

Muhimu ni kawaida ya mnyama *wako*. Hiyo utaipata kwenye hatua ya 3, baada ya kuhakikisha chombo chenyewe kinatoa maji.

## Hatua ya 2: Weka chupa na bakuli, vyote viwili

Chupa huweka maji safi na hukuwezesha kupima. Bakuli humwezesha kunywa haraka kwa kichwa kilichoinama, na ni akiba chupa ikiziba. Ukiwa na kimoja tu, siku kikiharibika mnyama anakaa na kiu mpaka utakapogundua.

Funga chupa mdomo wake uwe sentimita 8 hadi 10 kutoka sakafuni, kiasi cha simbilisi kuinua pua kidogo. Ijaze mpaka juu kabisa na ukaze kifuniko. Maji hubaki ndani kwa sababu hewa haina pa kuingilia. Chupa iliyojazwa nusu au yenye kifuniko kilicholegea hudondosha mpaka iishe, wewe ukadhani mnyama amekunywa vizuri.

Jaribio la kila asubuhi. Bonyeza gololi kwa ncha ya kidole. Tone linatoka, na kiputo cha hewa kinapanda ndani ya chupa. Ukibonyeza mara tatu bila kuona kiputo, mrija umeziba.

Kuziba hakutokani na uchafu wa maji. Simbilisi hunywa huku akitafuna, na mabaki ya majani yaliyo mdomoni husukumwa juu ya gololi na kujikusanya kwenye mrija. Ukiufungua utakuta donge la kijani limekaa hapo hapo kwenye kona. Chupa inaonekana imejaa, kila kitu kinaonekana sawa, na mnyama hajapata tone tangu jana.

Usafi: suuza na badilisha maji kila siku, hata kama hayakuguswa. Mara moja kwa wiki sugua chupa na mrija kwa burashi. Ukiona ukoko mweupe wa chumvi, loweka nusu saa kwenye siki na maji nusu kwa nusu, kisha suuza mpaka harufu ya siki iishe. Ukiona utando wa kijani, chupa inapigwa na jua. Ihamishe au ivalishe soksi nyeusi.

Maji yenyewe. Mpe yale unayokunywa wewe. Visima vingi vya ukanda wa pwani, Dar es Salaam vikiwemo, vina chumvi, na simbilisi akiionja hupunguza kunywa. Ukibadilisha chanzo cha maji, changanya ya zamani na mapya kwa siku tatu nne.

Usitie chochote kwenye maji. Si sukari, si vitamini. Vitamini C huharibika haraka ikikaa kwenye maji na mwanga, na ladha yake huwafanya wengine wagome kunywa. Utakuwa umepoteza vitamini na maji kwa mkupuo.

Kama mnyama hajawahi kuona chupa, pakaza tango kidogo mdomoni mwa mrija na usiondoe bakuli mpaka umshuhudie kwa macho yako akilamba gololi.

## Hatua ya 3: Pima kwa siku saba

Saa moja asubuhi jaza chupa mpaka juu kwa maji uliyoyapima, na uandike ni mililita ngapi. Kesho saa hiyohiyo mimina yaliyobaki kwenye kikombe cha kupimia na uandike tofauti. Weka kisahani chini ya mdomo wa chupa. Maji yaliyodondokea humo yatoe kwenye hesabu. Pima na bakuli vilevile, ukijua kwamba kwenye joto kidogo huyeyuka hewani.

Ukiwa na simbilisi wawili, gawanya kwa mbili na utegemee mizani kukuonyesha nani ana shida. Usiwatenganishe kwa wiki nzima ili kupima tu. Simbilisi aliyezoea mwenzake akiachwa peke yake hupata msongo, na msongo nao hupunguza kula na kunywa.

Mwisho wa wiki una wastani. Tuseme ni mililita 60. Kuanzia hapo, siku mbili mfululizo chini ya 30 au juu ya 90, wakati chakula na hali ya hewa havijabadilika, ni dalili inayotaka kuchunguzwa. Kupungua mara nyingi kunaanzia kwenye chupa au meno. Kuongezeka ghafla kunaweza kuwa joto au chakula kikavu, ila pia figo na kisukari.

## Hatua ya 4: Maji ya kula, pamoja na vitamini C

Kama binadamu, simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo kwa siku. Mwenye mimba na mgonjwa wanahitaji kiwango cha juu. Akikosa kwa wiki mbili tatu, manyoya yanakuwa makavu, viungo vinauma, fizi zinatoka damu, na anasita kutembea. Watu humtibu minyoo, kumbe anataka pilipili hoho.

Gramu 20 hadi 30 za hoho mbichi kwa siku zinamtosha simbilisi wa kilo moja. Sukuma wiki nayo ina vitamini ya kutosha, lakini usiifanye kuwa chakula pekee kwa sababu ya kalsiamu. Pera lina vitamini nyingi sana na sukari pia, kwa hiyo kipande kidogo tu. Kwa wingi wa maji tumia tango, matembele, nyasi mbichi na majani ya mahindi.

Hei au nyasi zilizokaushwa vizuri ziwepo saa zote. Ndizo zinazosukuma utumbo na kusaga meno, ambayo hayaachi kukua maisha yake yote.

Visivyofaa kabisa: majani ya nyanya na ya viazi mviringo, viazi vilivyoota au kuwa kijani, majani ya parachichi, kisamvu kibichi, vitunguu. Na majani mazuri hugeuka sumu ukiyarundika kwenye mfuko usiku kucha. Yanapata moto, yanachacha, na asubuhi yanamjaza gesi tumboni. Yatandaze.

Ukinunua chakula cha vidonge cha sungura, soma lebo. Hakina vitamini C ya kutosha, na kingine huchanganywa na dawa za kuzuia magonjwa ya kuku na sungura ambazo si salama kwa simbilisi.

## Hatua ya 5: Dhibiti joto

Simbilisi yuko vizuri kati ya nyuzi 18 na 24 za Selsiasi. Ikipita 28, hasa penye unyevunyevu, yuko hatarini. Mwenye kizimba Dar au Mombasa mwezi wa Februari hana budi kuchukua tahadhari kila mchana. Njombe tatizo ni kinyume, baridi ya Juni na moshi. Simbilisi wengi wa nyanda za juu hulala jikoni, mahali penye joto zuri na moshi mbaya kwa mapafu. Kama hana pengine, muweke chini kabisa, mbali na mafiga, upande hewa inakoingilia.

Penye joto: kizimba kivulini na penye hewa, sakafu ya saruji, chupa mbili za maji badala ya moja, na chupa ya plastiki iliyogandishwa, ikafungwa kwa kitambaa ili aegemee akitaka.

Dalili za kuzidiwa na joto: amejinyoosha chini bila kujikunja, anahema haraka sana, mate yanamtoka, masikio ni mekundu na ya moto. Mpeleke penye ubaridi, lowesha masikio na miguu kwa maji ya bomba ya kawaida, mpe matone ya maji ikiwa anameza, kisha nenda kwa daktari. Usitumie barafu wala usimzamishe; mishipa ya ngozi hujikaza na joto kubaki ndani.

## Hatua ya 6: Ukaguzi wa kila siku, dakika mbili

Ufanye wakati wa kumpa majani ya asubuhi, kwa mpangilio uleule ili usisahau kitu.

Sauti na miguu. Simbilisi mzima hupiga mlio akisikia mfuko wa majani na hukimbilia mbele. Anayebaki kwenye kona amejikunyata, manyoya yamesimama, ameshakuambia.

Kinyesi. Punje za mviringo, rangi ya kahawia, zinalingana na zina unyevu kidogo. Zikiwa ndogo, kavu, zimechongoka upande mmoja, maji au chakula havitoshi. Zikikosekana kabisa kwa saa 12, ni dharura. Punje laini zinazong'aa anazozila moja kwa moja kutoka mkunduni ni jambo la kawaida, usimzuie.

Mkojo. Tandika kitambaa cheupe mara moja moja. Mkojo wenye ukungu na unaoacha unga mweupe ukikauka ni wa kawaida. Ukipapasa ukasikia mchanga, kalsiamu imezidi na maji hayatoshi. Akipiga kelele wakati wa kukojoa, au ukiona damu, fikiria jiwe kwenye kibofu. Majani mengine huupa mkojo rangi nyekundu, kwa hiyo ukiona wekundu bila maumivu wala kukosa hamu ya kula, badilisha majani siku moja uangalie tena. Ukibaki hivyo, upeleke ukapimwe.

Macho na pua. Tone la maji meupe linalotoka jichoni wakati anajisafisha uso si ugonjwa, analitumia kujipangusa. Jicho lililozama, lenye ukoko, au pua yenye makamasi na ukoko ndivyo vya kuhofia. Angalia pia sehemu ya ndani ya miguu ya mbele, kwani mwenye mafua hujipangusa hapo na manyoya hugandamana.

Upungufu wa maji huupima hivi: vuta taratibu ngozi ya mabegani kisha iachie. Inapaswa kurudi papo hapo. Ikibaki imesimama, tayari amepungukiwa. Kwa mnyama mnene au mzee kipimo hiki hudanganya, hivyo gusa na fizi. Fizi zenye afya zinateleza, za mwenye kiu zinanata kidoleni.

## Hatua ya 7: Mizani, kila wiki

Mpime siku ileile, saa ileile, kabla ya majani. Weka boksi kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, mtie ndani na jani moja la kumtuliza.

Kupanda na kushuka gramu 20 au 30 ni tumbo na kibofu tu. Akipungua gramu 50, anza kumpima kila siku. Akipungua asilimia 10, yaani gramu 90 kwa mwenye 900, mpeleke kwa daktari hata kama anaruka na kula mbele yako. Mwenye meno yaliyokua vibaya huendea chakula kwa hamu, hukichukua, kisha hukidondosha. Kwa mbali anaonekana anakula.

Ukiwa umemshika, angalia mengine: meno ya mbele yamenyooka na kidevu hakina mate, nyayo hazina vidonda, hasa akiishi juu ya waya, ngozi haina magamba wala upara. Upele wa simbilisi huwasha kiasi cha kumtia degedege, na mtu akadhani ni kifafa.

## Hatua ya 8: Kumnywesha mgonjwa kwa sirinji

Fanya hivi ikiwa amepunguza kunywa na bado anameza, huku ukipanga safari ya daktari.

1. Msimamishe kwa miguu yake yote minne juu ya taulo, makalio yake yakigusa tumbo lako. Usimlaze chali, maji yataingia mapafuni.
2. Tumia maji ya uvuguvugu kwenye sirinji ya mililita 1. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, kwenye lile pengo nyuma ya meno ya mbele, ikielekea upande wa pili wa shavu na si kooni.
3. Sukuma nusu mililita, subiri atafune na kumeza, kisha endelea. Maji yakitokea puani au akikohoa, simama mara moja na umwinamishe kichwa.
4. Hesabu: gramu 800 zinahitaji mililita 80 kwa siku kutoka vyanzo vyote. Kama hagusi kitu kingine, ni takriban mililita 13 mara sita. Kama bado anakula tango, punguza.

Akiharisha, ORS ya famasi (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) iliyokorogwa kwa kiasi kamili cha maji kama pakiti inavyosema inaweza kuchukua nafasi ya maji kwa siku hiyo. Usiikoroge nzito kwa kudhani itafanya kazi haraka; chumvi ikizidi huvuta maji kutoka mwilini.

Kama hali chakula pia, saga vidonge vya chakula chake, loweka sehemu moja kwa sehemu mbili za maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, na mpe kwa sirinji kubwa mililita 50 hadi 80 kwa kilo kwa siku, kidogo kidogo. Utumbo wa simbilisi ukikaa mtupu husimama, na kuuamsha ni kazi ngumu.

Usimlishe kwa nguvu ikiwa tumbo limevimba na ni gumu kama ngoma. Huyo ana gesi, na unachoongeza kinamzidishia.

Umefaulu ukiona kinyesi kipya ndani ya saa chache hadi siku moja, kitambaa kimelowa mkojo, na anaanza kukwepa sirinji kwa hasira. Hasira hapa ni habari njema.

## Hatua ya 9: Amua mapema, na jihadhari na dawa

Nenda sasa hivi: hajala wala kunya kwa saa 12, anahema kwa mdomo au kwa kelele, tumbo limevimba, anaharisha maji, degedege, damu, mwenye mimba aliyeacha kula.

Nenda leo au kesho: makamasi, jicho lenye ukoko, mate kidevuni, uzito umeshuka asilimia 10, anachechemea.

Sasa sehemu inayoua wengi. Usimpe amoksilini, ampisilini wala penisilini iliyobaki nyumbani, na usikubali sindano ya penisilini na streptomaisini inayopigwa ng'ombe na mbuzi. Dawa hizi huua bakteria wema wa utumbo wake, wale wenye sumu wanachukua nafasi, na mnyama hufa kwa kuharisha siku chache baada ya dawa. Linkomaisini na klindamaisini ni hivyohivyo. Daktari ana njia mbadala ambazo simbilisi huzivumilia, kama enrofloksasini na trimethoprimu yenye salfa, lakini kipimo chake ni cha uzito wa gramu. Usikikisie kutoka kwenye chupa ya dawa ya kuku.

Maafisa mifugo wengi wa kata wamezoea ng'ombe na kuku, na si aibu kumwambia waziwazi: "Huyu ni simbilisi, havumilii penisilini." Aliye karibu na Morogoro ana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa Nairobi, kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete.

Beba daftari la uzito na maji, punje za kinyesi cha leo kwenye mfuko safi, na kitambaa chenye mkojo. Msafirishe kwenye boksi lenye matundu, hei ya kutosha na kipande cha tango; chupa ya maji itamwaga njiani na kumlowesha. Kama ana mwenzake na ugonjwa hauonekani wa kuambukiza, wapeleke wote wawili. Kama ni mafua, mwenzake abaki na uanze kumpima naye kila siku, na kama unafuga sungura pia, wahamishiwe chumba kingine, kwa sababu hubeba bakteria ya Bordetella bila kuugua wenyewe huku simbilisi ikiwapata mapafuni.